Mambo ya kuzingatia kabla ya kurudi kuishi kihambani

Maelezo haya namwandikia mtu mmoja tu: yule aliyefanya kazi mjini miaka ishirini au thelathini, akawa anapanda mlima kila Desemba kwa wiki mbili, na sasa anataka kurudi moja kwa moja kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na kahawa, huko Uchaggani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, iwe ni Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu au Rombo. Mgeni kabisa hana shida kubwa, kwa sababu mgeni huuliza. Anayeumia ni mwenyeji anayedhani kwamba kwao anapajua. Mimi nilikuwa mmoja wao, na yaliyonipata nitayaeleza mbele kwa urefu yanaostahili.

Usiyapime maisha ya mlimani kwa kipimo cha Desemba. Mwezi huo ndugu wamejaa, kila boma lina nyama na mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, vijana wa kubeba mizigo wapo, na mvua za vuli zimerudisha kijani kila mahali. Kabla hujafunga mizigo, njoo ukae wiki mbili za Julai, wakati jua linapotea siku nne mfululizo na nguo hazikauki, kisha uje tena wiki mbili za Aprili, masika yakiwa yamekolea. Ukiona bado unapapenda, endelea kusoma.

Baridi haihitaji maneno mengi: beba blanketi nzito, sweta, soksi na viatu visivyopitisha maji, kwa maana usiku wa Julai katika ukanda wa migomba na kahawa joto hushuka chini ya nyuzi 15, na nyumba ya tofali isiyo na dari huzidisha ubaridi huo. La kusisitiza hapa ni moja. Jiko la mkaa lisilale chumba kimoja na watu, hata kama makaa yanaonekana yamefifia, hata kama umeacha dirisha wazi kidogo, hata kama mama mkwe amekwambia wao walilala hivyo miaka yote. Sumu inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, na anayeivuta usingizini hapati nafasi ya kuamka akajitetea. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, basi.

Barabara za lami zipo, na zimeleta nafuu kubwa, lakini lami hufika njia kuu tu. Kutoka hapo hadi kwako kuna kilomita moja au mbili za udongo mwekundu ambao masika huugeuza sabuni, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hubaki chini, barabarani, likilindwa na mtu unayemlipa. Kwa hiyo saruji, mabati, mchanga na mbao vipandishwe Januari na Februari au kati ya Agosti na Oktoba. Nimeona lori la mchanga likimwaga mzigo njiani mwezi wa nne, nusu kilomita kabla ya kufika, na mwenye mchanga akaulipia upya kwa ndoo, kichwa kwa kichwa.

Mwenye shinikizo la damu au kisukari awe na dawa za miezi miwili ndani. Jua hospitali iliyo karibu nawe, maana zipo Machame, Kibosho, Kilema, Marangu na ile ya Huruma kule Rombo, na rufaa hushuka Moshi, hospitali ya KCMC. Lakini kujua jina la hospitali hakutoshi. Jua pia ni nani kitongojini mwenye gari, namba yake iwe kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani, na mwombe kabla hujaugua, kwa sababu kumgongea mtu saa nane za usiku hali hamjawahi kusalimiana ni jambo gumu kwenu wote wawili. Taa ya kuchaji kwa sola ni lazima. Upepo ukiangusha mti kwenye nyaya, umeme huchukua siku kurudi.

Sasa nyaraka. Wengi wetu tuna kihamba kwa maneno ya marehemu baba. Kwa desturi mtoto wa mwisho wa kiume hubaki na boma la wazazi, mkubwa hupewa kwake, na wa katikati hutafutiwa pengine au huambiwa wajitafutie, na desturi hiyo imeleta kesi nyingi kuliko ilizozuia. Kabla hujapandisha hata tofali moja, waite ndugu wote, wakiwemo dada zako, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na dada aliyenyamaza leo anaweza kuwa na watoto ambao hawatanyamaza kesho. Mkikubaliana, andikeni, wazee washuhudie, kisha mwende kwa halmashauri ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Ukinunua, ni hivyo hivyo: mauziano yaliyofanyika sebuleni bila halmashauri ya kijiji kujua ni karatasi tu. Mgogoro ukizuka, mlango wa kwanza ni baraza la ardhi la kijiji, ambalo lina wajumbe saba na watatu kati yao ni wanawake. Usikimbilie wakili wa mjini kabla hujakaa nao. Na kihamba chenye makaburi usikinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kwa sababu wenye wafu wao watarudi kila mwaka kusafisha, na utakuwa ukiishi kwenye ua wa watu.

Nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kihambani kwetu, kwenye kona ya juu, palikuwa na mtaro wa kina cha goti, upana wake kama futi moja na nusu, uliojaa majani makavu ya migomba. Nilistaafu mwaka 2015 na nikapanda na mizigo yangu mwezi wa nane, wakati wa kiangazi. Mtaro ulikuwa mkavu. Nilikuwa nimeuona tangu utotoni, tulikuwa tukichezea humo vyura, lakini miaka thelathini ya Dar es Salaam ilikuwa imenifundisha kwamba mtaro usio na maji ni eneo la kuegeshea gari. Nikaagiza kifusi, kikamwagwa, kikashindiliwa. Kando ya mtaro palikuwa na mstari wa masale, yale majani marefu yanayopandwa mpakani, nayo nikaamuru yang'olewe ili gari lipate kugeuza. Juu ya yote nikajenga ukuta wa tofali kozi sita, mzuri, ulionyooka, nikaupiga picha nikawatumia watoto.

Watu waliniona. Fundi wangu, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, aliuliza mara moja tu kama ule mtaro hauna kazi, nikamjibu kwamba ulikufa zamani. Jirani yangu wa upande wa chini, mzee ambaye sote tunamwita Meku, alisimama njiani, akautazama ukuta, akasema, "Umepata pa kuweka gari." Nikashukuru, nikidhani nimesifiwa. Mke wake alikuwa amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, na hata bila kuutua aliniuliza, "Na maji yatapita wapi, baba?" Nikamwuliza maji gani. Akaguna, akaendelea na safari yake.

Kumbe ule haukuwa mtaro. Ulikuwa ni mfongo. Kwa msomaji aliyekulia mjini nieleze: mfongo ni mfereji unaochepusha maji kutoka mtoni, juu huko kwenye korongo karibu na msitu, ukayaleta vihambani kwa mteremko mdogo sana unaofuata umbo la kilima, kiasi kwamba mtu akiutazama kwa mbali huapa kuwa maji yanapanda. Wasafiri wa Kizungu waliofika Uchaggani karne ya 19 waliikuta mifongo tayari ikifanya kazi, wakaistaajabia, na wachimbaji wake hawakuwa na kipimo chochote zaidi ya jicho, jembe la mti na maji yenyewe. Penye bonde waliyavusha kwa magogo yaliyochimbwa katikati. Siku hizi ni mabomba. Njiani kuna nduwa, yaani bwawa dogo linalokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe yakiwa na nguvu ya kufika shamba la mwisho. Mfongo una ukoo uliouchimba, una mzee wake, una zamu za siku na saa, na una msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuuzibua, ambayo asiyetokea hutozwa. Na msidanganyike kwamba maji hayo ni ya barafu ya kilele cha Kibo: sehemu kubwa hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, ndiyo maana mzee wa mfongo humchukia mkata miti kuliko mwizi wa ndizi.

Mwaka ule banio la juu, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, lilikuwa limebomolewa na mafuriko ya masika, na watu walikuwa wakingojea kumaliza kuvuna kahawa ndipo wapande kulijenga upya. Mtaro ulikuwa mkavu kwa sababu ulikuwa ukisubiri matengenezo. Msaragambo ulipigwa katikati ya Oktoba. Mimi sikwenda, kwa sababu sikuambiwa, na sikuambiwa kwa sababu sikuwa nimejitambulisha kwa yeyote mwenye jukumu la kuniambia. Siku ya tatu walifungua maji.

Yalifika kwangu saa mbili za usiku. Nilisikia sauti kama ya mtu anayekokota gunia kwenye majani, nikafikiri ni mnyama, nikabaki ndani. Maji yalipogota ukutani yalitafuta njia, yakazunguka kifusi changu, yakashuka moja kwa moja hadi kwa Meku. Nilipotoka kwa makelele, mjukuu wake alikuwa amesimama na tochi mlangoni mwa banda, ng'ombe wa maziwa amesimama ndani ya maji yanayofika kwenye vifundo, akiinua mguu mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyekanyaga moto, na kwenye ua viriba vya miche ya kahawa vikielea, vingine vimepinduka, mizizi juu. Kitalu kile bibi alikuwa amekinyeshea kwa kikombe tangu Mei. Hakuna aliyenitukana. Meku alichukua jembe, akapanda kwenye kifusi changu kwa viatu vyake vya plastiki, akaanza kuchimba, na mimi nikasimama na tochi ya simu nikimmulikia kwa sababu sikuwa na jembe.

Asubuhi mzee wa mfongo alituma mtoto kuniita nduwani. Walikuwako wanaume na wanawake wa kaya kumi na moja zinazotumia maji chini yangu, na kila mmoja alisema kwa ufupi alichokosa: huyu maharage, huyu maji ya ng'ombe, huyu zamu iliyopita ambayo hairudi mpaka wiki nyingine. Wakahukumu. Ukuta ubomolewe, mfongo uchimbwe upya kwa kina chake cha zamani na kwa gharama yangu, miche ilipwe kwa idadi, mbege madebe mawili, mbuzi mmoja, na isale, yaani jani moja la yale masale, kwa Meku. Kwa fedha haikufika mbali sana. Kwa jumla, pamoja na tofali zilizopotea, ilikuwa karibu laki tisa. Kilichoniumiza ni isale.

Asiyejua ajue: kwetu mtu akikosea akaja na jani la isale kuomba radhi, aliyekosewa hakatai, hata kama kosa ni la damu. Lakini jani hilo unapaswa kulitoa kwako. Mimi yangu nilikuwa nimeyang'oa yote, yalikuwa yamekauka kwenye rundo la takataka, na isale kavu haliombi radhi. Ilinibidi niende kwa Meku mwenyewe kumwomba jani. Alinitazama, akaingia nyuma ya nyumba, akarudi na panga na jani moja refu la kijani, bado lina umande, akanipa. Nililipokea kwa mikono miwili, nikatoka hadi njiani, nikageuka, nikaingia tena uani kwake kama mtu aliyetoka mbali, nikamkabidhi. Akalipokea kama vile hajawahi kuliona. Baadaye alinipa na vipande vya shina nikapande upya mpakani, na leo vimenizidi kimo.

Kwa hiyo, kabla hujakata, hujafukia wala hujang'oa kitu chochote kihambani, hata kama ni chako kwa hati yenye mhuri, fanya haya. Tafuta mtu mwenye umri wa kumkumbuka babu yako, tembea naye mpaka wote kwa miguu, na umwulize kila jani lililopandwa kwa mstari limepandwa na nani na kwa nini. Panda hadi kwa jirani wa juu, shuka hadi kwa jirani wa chini, uulize maji hupita wapi Aprili, siyo Agosti. Mtafute mzee wa mfongo, upeleke kilicho desturi, ujue siku yako na saa yako, na uandikishwe kwenye msaragambo hata kama utamlipa kijana akuwakilishe. Ukihitaji gari lipite juu ya mfongo, jenga kalvati pana kuliko unavyodhani inahitajika, na uhakikishe mtu anaweza kuingiza mkono kuzibua majani. Na kama unawaza mradi mkubwa wa maji, bwawa la samaki au umwagiliaji wa mboga za kuuza, ujue kwamba juu ya desturi kuna Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ambayo inadai kibali, na kwa huku kwetu kibali hicho hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Mteremko nao una hesabu zake. Usikate kilima wima ili upate kiwanja cha nyumba halafu ukaacha ukuta wa udongo mtupu nyuma ya chumba cha kulala. Novemba 2009, kwenye milima ya Pare wilayani Same, udongo ulioshiba mvua uliporomoka ukafukia nyumba na kuua watu, wakiwemo wa familia moja. Panda nyasi za kushika udongo, weka mtaro wa kutoa maji nyuma ya nyumba kabla ya kuweka bati, na ukiona ufa umejichora ardhini juu ya nyumba baada ya mvua, usingoje asubuhi. Kingo za mto ziache: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni, na hata bila sheria, korongo hupanuka kila mwaka likila kutoka pembeni. Mti mkubwa kihambani kwako nao huombewa kibali kabla ya kukatwa. Ukanda wa nusu maili, ule ulioko juu ya vihamba ukingoni mwa msitu, una masharti yake ya kuni na majani; waulize kina mama wanaokwenda huko, maana wao ndio wanaojua siku na mipaka kuliko bango lolote.

Ng'ombe usimnunue mwezi wa kwanza. Ng'ombe wa ndani hula kila siku, na majani yake, kiangazi, hutoka tambarare kwa kichwa au kwa gari. Kama huna mtu wa kuyaleta na huna migomba ya kutosha kumkatia, utamwuza Septemba kwa nusu ya bei uliyomnunulia. Anza na kuku.

Msiba usiukose. Kanisani au msikitini uende unakoamini, lakini kwenye jumuiya ya eneo lako na kwenye chama cha kuzikana uandikishwe mapema, ulipe ada, na ufike siku ya kuchimba, siyo siku ya kula. Nenda na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa ulikotoka, umkabidhi mwenyekiti wa kitongoji, hata kama ni mwanafunzi mwenzako wa darasa la tatu na mnaitana kwa majina ya utani. Mbele ya watu mwite mwenyekiti.

Mengine ni ya kukumbushana tu. Usichome majani shambani saa za mchana wakati wa upepo. Mizinga ya nyuki ya jirani usiipitie na manukato. Usimkopeshe mtu hela kilabuni. Mbege huingia taratibu kuliko bia, basi usiendeshe bodaboda baada ya kata ya pili, yaani kibuyu cha pili cha kunywea, na usipande ya mtu aliyekunywa. Kisima cha zamani kifunikwe kabla wajukuu hawajaja. Mbwa wapewe chanjo ya kichaa. Funguo za nyumba apewe mtu mmoja, asiwe zaidi. Kuanzia Machi mpaka mwisho wa Mei weka jembe karibu na mlango, na viatu vya mvua kando yake, na ukisikia usiku sauti ya gunia linalokokotwa kwenye majani, amka utoke.